Walimu wa Operesheni

Ukikutana na mtu aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, mapema sana katika mazungumzo utamsikia akiulizwa: wewe operesheni gani? Kila kundi linaloingia kambini hupewa jina, na jina hilo humfuata kijana miaka yote kama jina la ukoo. Operesheni ina sifa zake. Ina siku ya kuanza, ina idadi ya kutajwa kwenye hotuba, ina gwaride la kufunga. Kisha watu hutawanyika na kambi husubiri kundi jingine.

Walimu wa hisabati na sayansi wa Tanzania nao wangeweza kuulizwa swali hilohilo. Wapo wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ya miaka ya 1970. Wapo wa miaka ya 2000, ambao mtaani walibatizwa "voda fasta". Wapo wa stashahada maalumu ya Dodoma, iliyoanza 2014 na kuvunjwa 2016. Kila mara taifa liligundua kwamba darasani hakuna mtu, likapiga mbiu, likatenga fedha, likahesabu vichwa. Nia ilikuwepo, na mara nyingine hata fedha zilikuwepo. Kilichotuponza, kwa maoni yangu, ni umbo la msaada wenyewe. Serikali imekuwa ikiwasaidia walimu hawa kwa operesheni, ilhali mwalimu wa fizikia hupikwa polepole, na jiko lenyewe halipendezi kwenye picha za uzinduzi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo visingeweza kamwe kutoa idadi iliyotakiwa ndani ya miaka mitatu. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawakabidhi madarasa huku wao wenyewe wakisoma kwa njia ya posta na redio chini ya walimu walezi, na kwenda chuoni kwa wiki chache tu. Kwa njia hiyo walipatikana makumi ya maelfu. Leo ni rahisi kuwacheka walimu wa UPE, na wengi huwacheka. Mimi siwacheki. Kuna vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na shule, na watoto wake walijua kusoma kwa sababu ya vijana hao.

Lakini kusoma na kuandika kuna huruma ambayo hisabati haina. Mwalimu anayesoma vizuri anaweza kumfikisha mtoto mbali hata kama hajui nadharia yoyote ya lugha. Anayejua kugawanya kwa kukariri hatua atafundisha hatua, basi. Siku mtoto akiuliza kwa nini tukigawanya sehemu kwa sehemu tunaigeuza ile ya pili juu chini, jibu huwa "ndivyo ilivyo", au kiboko. Mtoto huyo hukua akiamini kwamba hisabati ni amri. Wengine wao walikuja kuwa walimu.

Operesheni ya pili ilikuja na shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES, ulianza 2004, na baada ya uchaguzi wa 2005, kwa msukumo wa Waziri Mkuu Edward Lowassa, kila kata ikatakiwa iwe na sekondari yake. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari zisizofika 1,800. Ifikapo 2010 zilikuwa zaidi ya 4,000. Wanavijiji walibeba mawe, mchanga na maji, na majengo yakasimama. Aliyesimama mbele ya ubao, mara nyingi, alikuwa kijana aliyetoka kumaliza kidato cha sita, akapigwa msasa wa wiki chache na kupewa leseni ya kufundisha. Jina la voda fasta lilitokana na namna ya haraka ya kuongeza salio kwenye simu, na kama majina mengi ya mtaani, lilisema ukweli kuliko taarifa za wizara.

Haingekuwa haki kusema serikali ilitegemea njia ya mkato peke yake. Mwaka huohuo wa 2005 Chuo cha Ualimu Chang'ombe jijini Dar es Salaam na Mkwawa ya Iringa viligeuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vikajulikana kama DUCE na MUCE, kazi yao kubwa ikiwa kuzalisha walimu wenye shahada. Mwaka 2007 kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma. Idadi ya walimu wenye shahada ikapanda kwa kasi. Walipanda zaidi wa historia, Kiswahili na jiografia, kwa sababu hao ndio waliokuwa wanafika mlangoni wakiwa na sifa. Huwezi kumdahili mwalimu wa fizikia ambaye hakusoma fizikia.

Na hakuisoma kwa sababu hapakuwa na aliyemfundisha, wala mahali pa kufundishia. Watu wa rika langu wanakumbuka mtihani mbadala wa vitendo. Kwa shule zisizo na maabara, mtahiniwa alichorewa vifaa kwenye karatasi na kuulizwa angeona nini kama angekuwa ameviona. Mimi nilijifunza rangi ya mvuke wa iodini kwa kukariri neno "zambarau", na miaka mingi baadaye, nilipouona, nilishangaa kwamba kweli ni zambarau. Sasa mchukue mwanafunzi wa namna hiyo, mpe shahada ya ualimu wa kemia, mrudishe kwenye shule isiyo na maabara. Atafundisha neno "zambarau".

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara, kimoja cha fizikia, kimoja cha kemia, kimoja cha baiolojia, ndani ya miaka miwili. Michango ikakusanywa, ya hiari na isiyo ya hiari. Muda ukaongezwa hadi 2015. Wakati agizo hilo ndio kwanza lina miezi michache, Februari 2013, yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Tume ikaundwa chini ya Profesa Sifuni Mchome, matokeo yakapangwa upya, kelele zikatulia. Maabara ziliendelea kujengwa. Nimeingia katika chumba kimoja cha aina hiyo, miaka kadhaa baada ya kufunguliwa. Meza zilikuwa za zege, imara kabisa. Mabomba hayakuwa yamewahi kuona maji. Pembeni palipangwa magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, na mkuu wa shule alinieleza, bila haya wala sababu ya kuwa na haya, kwamba ndicho chumba pekee ambacho panya hawaingii.

Hapo ndipo tulipofika wakati wazo la Dodoma lilipozaliwa, na ni vyema tulitendee haki wazo lile kabla ya kulihukumu. Hoja ilikuwa hivi: shule zinahitaji walimu wa sayansi sasa, na kumsubiri kijana apite kidato cha tano, cha sita, kisha shahada ya miaka mitatu ni kungoja mno. Basi wachukuliwe waliofanya vizuri kidogo masomo ya sayansi kidato cha nne, wapelekwe Chuo Kikuu cha Dodoma ambako maabara na wahadhiri wapo, wasome stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia, na serikali iwakopeshe kama inavyowakopesha wa shahada. Wakati huo wanafunzi wa stashahada kwa kawaida hawakupewa mikopo, kwa hiyo upendeleo ulikuwa mkubwa. Ilikuwa, kwenye karatasi, mara ya kwanza nchi kuweka fedha nyingi mahususi kwa mwalimu wa masomo haya.

Wazo hilo halikudumu. Mei 2016 masomo yalikuwa yamesimama, wahadhiri wakidai malipo ya kazi ya ziada waliyobebeshwa na kundi hilo. Tarehe 28 wanafunzi zaidi ya 7,000 waliamriwa kuondoka chuoni ndani ya saa 24. Bungeni kukazuka mtafaruku. Siku chache baadaye Rais John Magufuli, akizungumza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatumia neno "vilaza", na neno hilo likawaganda hata wale waliokuwa na sifa kamili. Baadaye wengi wa wenye sifa walihamishiwa vyuo vya ualimu vya serikali, wasio na sifa wakabaki nje.

Kilichosahaulika katika zogo lile ni kwamba aliyelitamka neno hilo alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati, tena aliyeanzia stashahada. Magufuli alisomea ualimu wa sayansi Mkwawa mwanzoni mwa miaka ya 1980, akafundisha Sengerema, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachukua shahada ya sayansi na elimu mwaka 1988. Halafu? Akaajiriwa kuwa mkemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, na kutoka hapo akaingia siasa mwaka 1995. Na rais wa kwanza, Mwalimu Nyerere, alifundisha baiolojia Tabora kabla harakati hazijamchukua. Silisemi hili kwa kejeli. Nasema tu kwamba ukitaka kujua serikali ilikuwa inafundisha walimu wa sayansi kwa faida ya nani, wasifu wa marais wetu wawili unatosha kuanzia. Anayejua kemia ana pa kwenda. Anayejua kufundisha kemia ana pa kwenda hata zaidi.

Sasa tuangalie shina lenyewe. Kati ya 2018 na 2022, katika kila watahiniwa watano wa kidato cha nne, takriban mmoja ndiye aliyefaulu hisabati. Miaka iliyofuata kiwango kikasogea hadi kama robo. Hii ndiyo akiba ambayo taifa zima linagombania: hospitali, benki, kampuni za simu, migodi, wakandarasi, na mwisho wa foleni, ualimu. Tangu 2022 kuna ufadhili wa masomo wa Rais Samia, unaowalipia wahitimu bora wa kidato cha sita wa tahasusi za sayansi wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Ni jambo jema, na wanaostahili wanapata. Ila jiulize kijana aliyepata daraja la kwanza la pointi tatu katika PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, akiwa ameshalipiwa, ni kitu gani kitamfanya aandike "ualimu" kwenye fomu badala ya uhandisi. Mzazi wake tu atamkataza.

Na kwenye ngazi ya chini kabisa kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Daraja la kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kupata daraja la tatu, hata la pili, huku hisabati akiwa na F. Kwa miaka mingi mlango wa chuo cha ualimu wa shule ya msingi ulikuwa wazi kwake, na mwalimu wa msingi hufundisha karibu kila kitu. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa hisabati hurudi kuianzisha upya kwa watoto wa miaka minane. Mjadala wetu wote wa walimu wa sayansi huanzia kidato cha kwanza, wakati mtoto ameshapotea tangu darasa la nne.

Neno "msaada" nalo linahitaji kufunguliwa tuone kilichomo. Zamani aliyechaguliwa kwenda chuo cha ualimu alilipiwa na serikali, akala, akalala, na alipomaliza akapangiwa kituo. Baada ya sera ya uchangiaji gharama na hasa baada ya Bodi ya Mikopo kuanza kazi mwaka 2005, msaada kwa wa chuo kikuu ukawa mkopo. Ualimu wa sayansi na hisabati umekuwa kwenye orodha ya kozi za kipaumbele, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada wamefunguliwa mlango. Mwanafunzi hupokea bumu lake, analipa chumba, anakula chipsi, anasoma. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Tozo ya kulinda thamani, ile ya asilimia 6 iliyokuwa ikilifanya deni livimbe, ilifutwa 2021, na walimu walishangilia kwa haki.

Bado hesabu haijakaa sawa. Mtu ambaye taifa linasema halina budi kumpata anakopeshwa kwa masharti yaleyale anayokopeshwa atakayekwenda kufanya kazi benki, kisha anapangiwa shule iliyo mwisho wa barabara, na akiwa hukohuko analipa deni. Kipaumbele alichopewa ni cha kukopeshwa. Kama kweli tunamtaka, kuna njia iliyo wazi kabisa, nayo ni kumfutia kiasi cha deni kwa kila mwaka anaofundisha fizikia au hisabati katika shule ya serikali, na kumfutia haraka zaidi akiwa pembezoni. Haihitaji fedha mpya kutoka hazina mwaka wa kwanza. Inahitaji tu serikali kukubali kwamba miaka mitano ya kufundisha kidato cha pili huko pembezoni ni malipo tosha.

Wengine husema ongeza mshahara, basi. Mwaka 2012 Chama cha Walimu Tanzania kiliitisha mgomo, na miongoni mwa madai yake ilikuwa posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa. Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikautangaza mgomo kuwa batili, na mjadala ukafa pamoja nao. Tazama tofauti waliyoiomba: pointi tano tu. Walimu wenyewe, ndani ya chumba kimoja cha walimu, walijua kwamba pengo kubwa lingewagombanisha.

Uganda walichagua pengo kubwa. Kuanzia Julai 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 za huko, na mwenye stashahada hadi milioni 3, huku mwenzake wa sanaa mwenye shahada akibaki kwenye milioni moja na kidogo. Hata kabla nyongeza haijaanza kulipwa, walimu wa sanaa waligoma, Juni hadi Julai. Kukawa na walimu wakuu waliosomea sanaa wanaolipwa pungufu ya vijana wa fizikia wanaowasimamia. Rais Museveni alishikilia msimamo: wanasayansi kwanza. Mimi nalipongeza jambo moja pale, kwamba ni mara chache serikali ya Afrika Mashariki imeweka fedha za kweli, za kila mwezi, nyuma ya neno "kipaumbele". Lakini shule ni nyumba moja. Mtoto hawezi kusoma swali la hisabati lenye maneno kama mwalimu wake wa lugha amekata tamaa. Rwanda, mwezi mmoja tu baadaye, Agosti 2022, ilikwenda njia nyingine: walimu wa msingi wote waliongezewa asilimia 88 na wa sekondari wenye shahada asilimia 40, bila kuuliza nani anafundisha nini. Ningelazimishwa kuchagua, ningechukua ya Kigali, kwa sababu inaanzia kule mtoto anakoanzia kupotea.

Mfano ninaoutamani zaidi, hata hivyo, unatoka Kenya, na hauhusu mshahara. Katikati ya miaka ya 1960, kwa msaada wa Sweden, Kenya ilijenga Nairobi chuo cha walimu wa sayansi peke yao, Kenya Science Teachers College. Waliotoka pale walikuwa na stashahada, na walijulikana kwa jambo moja: mikono yao ilijua kazi. Chuo chenye lengo moja hujenga mazoea. Mkufunzi mzee humfundisha mkufunzi mpya namna ya kutengeneza mizani kwa rula na kifuniko cha chupa, na maarifa hayo hayapotei waziri akibadilika. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, ukaanza pale mpango wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati walioko kazini, kwanza katika wilaya tisa, kisha nchi nzima kuanzia 2003. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, nao wakawafundisha walimu wakati wa likizo. Kilichonivutia ni namna ulivyogharimiwa wilayani. Kila shule ilitoa sehemu ndogo ya karo kwenye mfuko wa pamoja, hivyo Wajapani walipopunguza mkono mafunzo hayakuzimika siku hiyohiyo. Kutoka humo kikakua kituo cha CEMASTEA kilichopo Karen, Nairobi, na walimu wa nchi nyingine za Afrika wakawa wanakwenda huko kujifunza.

Sitaki kuwapamba majirani. SMASSE ilikosolewa, walimu walilalamikia posho na likizo zao, na matokeo ya hisabati ya Kenya hayakugeuka kuwa ya Singapore. Na mwaka 2007 chuo chenyewe kikamezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, kikawa kampasi. Ni yaleyale ya Chang'ombe na Mkwawa kwetu. Chuo cha ualimu kikiwa chuo kikuu kinapata hadhi, na wahadhiri wake wanaanza kupandishwa vyeo kwa makala walizochapisha. Hakuna anayepandishwa cheo kwa kumfundisha kijana wa mwaka wa pili jinsi ya kupanga jaribio la dakika arobaini kwa wanafunzi tisini na birika moja.

Sisi bado tunavyo vyuo, na tunavipita tu. Serikali ina vyuo vya ualimu 35, na baadhi yake, kama Kleruu pale Iringa, vimejulikana kwa miongo mingi kama vyuo vya sayansi. Kwa msaada wa Canada vyuo hivi vilipatiwa vifaa na kompyuta, na vingine vikakarabatiwa. Lakini bajeti ya kemikali, vioo vinavyovunjika, fundi wa maabara, safari ya mkufunzi kwenda kumwona mwanachuo akifundisha mara nne badala ya moja, hizo hazina mfadhili anayezigombania. BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ni wiki chache, na wengi wanaikumbuka kama muda wa kujaza maandalio ya somo, kumsubiri msimamizi, na kusahihisha madaftari ya mwalimu mwenyeji ambaye, kwa kufurahia kupata msaidizi, haonekani tena darasani.

Kuhusu walimu walioko kazini, siku hizi kuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo Taasisi ya Elimu Tanzania imeyasukuma kupitia vikundi vya walimu shuleni na masomo ya mtandaoni. Wazo la walimu kujifunza wao kwa wao, karibu na kazi yao, ndilo sahihi. Shida ni kwamba shule nyingi za kata zina mwalimu mmoja wa fizikia, kama yupo. Kikundi cha mtu mmoja si kikundi. Angehitaji wenzake wa kata tatu au nne za jirani, nauli ya kuwafikia, na siku moja kwa mwezi isiyo na vipindi. Teknolojia nitaipita haraka: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta mashuleni na kuwapiga msasa walimu wa TEHAMA, na yote ni heri, ila mwalimu wa TEHAMA katika shule isiyo na umeme wa uhakika bado anafundisha kwa kuchora kibodi ubaoni. Zambarau ileile.

Halafu kuna hili ambalo mgeni akisimuliwa huona kama fumbo. Shule hazina walimu wa sayansi, na walimu wa sayansi hawana kazi. Serikali inakopesha, inasomesha, inatoa shahada, kisha nafasi za ajira zinatangazwa kwa kiasi ambacho bajeti ya mishahara inaruhusu, na wa sayansi wakipewa nafasi nyingi kuliko wenzao bado wengine wanabaki nje. Wanafundisha kwa kujitolea, wakilipwa na michango ya wazazi. Wanafundisha tuisheni. Wanaendesha bodaboda, na wachache wanafanya uwakala wa fedha za simu, kazi ambayo walau inatumia hisabati. Siku hizi ajira zimehamia kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na mtu aliyemaliza miaka minane iliyopita anakaa kwenye chumba kimoja na aliyemaliza jana, wakijibu maswali yaleyale. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira waliunda umoja wao na kupaza sauti. Katika mkopo uliotolewa, mafunzo yaliyotolewa na miaka iliyopotea, sehemu ghali zaidi imeshalipwa. Kinachobanwa ni kile cha mwisho, mshahara, ambacho ndicho pekee kinachomfikisha mwalimu mbele ya mtoto.

Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 500 kwa ajili ya mradi wa sekondari wa SEQUIP mwaka 2020, na mafunzo ya walimu wa sayansi na hisabati ni sehemu yake, pamoja na ujenzi wa mamia ya shule mpya. Ukisikiliza ziara za viongozi utasikia mara moja ni sehemu gani ya mradi inayotembelewa. Shule inaweza kukatiwa utepe. Mkufunzi aliyetumia mwaka mzima akiwafundisha walimu ishirini namna ya kugundua mtoto anakosea wapi kwenye mabano hana utepe wa kukatwa.

Na sasa inakuja hesabu nyingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, inataka kila mtoto asome miaka kumi ya lazima: sita ya msingi, minne ya sekondari. Patakuwa na mwaka mmoja ambao madarasa mawili ya msingi yatamaliza na kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mkondo wa amali nao unataka walimu wa ufundi umeme, ufundi magari na kilimo wanaojua hisabati ya kazi hizo. Sina shaka kwamba mtu, mahali fulani, ameshaanza kuandika mapendekezo ya operesheni ya nne.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2024 chini ya mtaala mpya atamaliza la sita 2029 na kuingia kidato cha kwanza Januari 2030. Mwalimu mwenye shahada atakayempokea siku hiyo, akiwa mgeni kazini, lazima awe amemaliza chuo kikuu 2029, amekianza 2026, ametoka kidato cha sita mwaka huohuo wa 2026, na amefanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2023. Matokeo ya mtihani huo yalitangazwa Januari 2024, mtoto akiwa ndio kwanza anavalishwa sare. Katika hisabati, karibu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameshindwa.